Maswali ya Wasomaji: Manowari za China na Maji ya Kilindini

Katika toleo lililopita tuligusia kwa aya mbili tu kwamba Novemba 2025 jeshi la majini la China lilikabidhiwa rasmi meli yake ya tatu ya kubebea ndege za kivita, iitwayo Fujian. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko nilivyotazamia, na karibu zote zilitoka kwa watu wanaoishi kando ya maji hapa Mombasa, kuanzia Tudor hadi Likoni. Nimechagua nne, na nimezijibu kwa urefu ambao kila moja ilistahili.

Shikamoo Mwalimu. Sisi wanafunzi wa kidato cha nne tumebishana darasani. Wenzangu wanasema China sasa ina manowari nyingi kuliko Marekani, kwa hivyo ndiyo yenye nguvu zaidi baharini. Je, ni kweli? — Mwanafunzi, Tudor

Marahaba, mwanangu. Kwa hesabu ya vyombo wenzako wamesema kweli. Ripoti ambayo Wizara ya Ulinzi ya Marekani huipelekea bunge la nchi yake kila mwaka ilieleza, mwaka 2024, kwamba China ina manowari na nyambizi zaidi ya 370, ilhali za Marekani hazifiki 300. Nyuma ya idadi hiyo kuna viwanda. Zaidi ya nusu ya meli za biashara zinazoundwa duniani, ukizipima kwa tani, hutoka China, na fundi aliyezoea kuunganisha meli ya makontena anaweza kuhamishiwa kwenye manowari bila kubadilisha kiwanda. Kwa maoni yangu, wingi huo wa mafundi na vyelezo unapaswa kuwashughulisha wapinzani wa China kuliko kombora lolote moja.

Hata hivyo, kuhesabu vyombo si kupima nguvu. Mashua kumi zilizotia nanga Bandari ya Kale hazichukui shehena ya meli moja iliyofunga gati Kilindini. Manowari nyingi za China ni ndogo, zilizoundwa kulinda pwani yake, na za Marekani kwa wastani ni kubwa zaidi na ziliundwa tangu mwanzo kwa safari za mbali. Marekani ina meli 11 za kubebea ndege za kivita, zote zikiendeshwa kwa nguvu za nyuklia, hivyo hukaa miaka mingi bila kujazwa mafuta ya kuziendesha. China inazo tatu. Ya kwanza, Liaoning, ilikuwa gofu la meli ya Kisovieti lililonunuliwa Ukraine mwaka 1998 kwa dola milioni 20 na mfanyabiashara aliyedai kwamba angeligeuza jumba la kamari. Lilikokotwa na matagi hadi Dalian, likafika mwaka 2002, na miaka kumi baadaye likaingia jeshini likiwa meli kamili. Ya pili, Shandong, iliundwa nyumbani na kuanza kazi mwaka 2019. Fujian, ya tatu, ina uzito wa tani zaidi ya 80,000 na hurusha ndege kwa mtambo wa sumakuumeme, ufundi ambao kabla yake ulikuwa mikononi mwa Wamarekani peke yao. Kutoka gofu la kukokotwa hadi chombo cha namna hiyo katika muda wa miaka 23 ni kazi ya kustaajabisha, na asiyekiri hivyo anajidanganya.

Lakini meli zote hizo tatu zinatumia mafuta, na hapa ndipo ninapotaka wewe na wenzako mchukue ramani. Kutoka Zhanjiang, yaliko makao ya kikosi cha kusini cha jeshi la majini la China, hadi mlango wa Kilindini ni zaidi ya maili 5,000 za baharini. Chombo kinachokwenda maili 18 kwa saa, bila kusimama usiku wala mchana, kitachukua siku 12 hivi. Kikifika hapa kinataka mafuta, maji matamu, mboga, vipuri, na pengine mzamiaji wa kukagua rafadha. Tena mabaharia wa kivita duniani kote wana kanuni yao ya siku zote kwamba ili chombo kimoja kiwe kazini mbali na nyumbani, sharti uwe na vitatu, kwa kuwa cha pili kitakuwa mazoezini au njiani na cha tatu kitakuwa chelezoni.

Siku ya Jumamosi nenda Ngomeni, yaani Fort Jesus, ukatazame vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná. Merikebu hiyo ya Wareno ilitoka Goa kuja kuwaokoa wenzao waliokuwa wamezingirwa na Waomani tangu Machi 1696, ikazama mbele ya Ngome mwaka 1697. Wareno waliokuwa ndani ya kuta zile hawakukosa mizinga. Njaa na maradhi ndivyo vilivyowamaliza, wakingoja vyombo ambavyo navyo vilikuwa vikingoja pepo za msimu, hadi Ngome ilipoanguka Desemba 1698. Manowari ya leo haingoji kaskazi, lakini bado inangoja mafuta, na mafuta huletwa na meli nyingine inayohitaji kulindwa njia nzima.

Karibu na kwake China ni kitu kingine kabisa. Mwaka 1996, iliporusha makombora kwenye maji yanayoizunguka Taiwan, Marekani ilisogeza makundi mawili ya meli za kubebea ndege, na Beijing haikuwa na la kufanya. Sehemu kubwa ya silaha ilizojenga tangu hapo ni jibu la fedheha ile. Makombora yake ya DF-21D hulenga meli zilizo umbali wa kilomita 1,500 hivi, na ya DF-26 hufika kilomita 4,000, yote yakirushwa kutoka nchi kavu, ambako magari yanayoyabeba yanaweza kufichwa milimani na kwenye mashimo. Kwa hiyo, mwanangu, waambie wenzako hivi: katika maji ya Taiwan China inaweza kupambana na mkubwa yeyote, lakini katika maji ya Mombasa manowari zake bado ni mgeni anayetegemea kisima cha mwenyeji.

Mwalimu, mimi ni mzee niliyestaafu kazi ya kuli bandarini. Nakumbuka mwaka 2010 ilikuja meli nyeupe ya hospitali kutoka China, watu wakapanga foleni tangu alfajiri. Marehemu mke wangu alipimwa na kupewa dawa bila kutoa hata shilingi. Juzi mjukuu wangu ananiambia meli ile ni ya jeshi. Nimeshikwa na fadhaa. Ilikuja kutusaidia au kutupeleleza? — Mzee wa Changamwe

Mzee wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Mjukuu wako amesema kweli, na wewe pia hukukosea kushukuru. Meli ile inaitwa Peace Ark, ilianza kazi mwaka 2008, ina vitanda 300 na vyumba 8 vya upasuaji, na ni mali ya jeshi la majini la China. Ilifika Mombasa Oktoba 2010 katika safari iliyoipeleka pia Jibuti, Tanzania, Shelisheli na Bangladesh. Dawa aliyopewa mkeo ilikuwa dawa ya kweli na daktari aliyempima alikuwa daktari wa kweli.

Jeshi, hata hivyo, haliundi hospitali inayoelea kwa ajili ya foleni ya Changamwe peke yake. Nchi inayofikiria kwamba siku moja askari wake wataumia mbali na nyumbani, au wakivuka mlangobahari kushambulia kisiwa, huhitaji chombo cha namna hiyo, na wauguzi wake huhitaji kuzoea kufanya kazi sitaha ikiyumba. Safari ya kutibu raia wa nchi nyingine huwapa mazoezi hayo bila kumtisha mtu. Vilevile wewe uliyefanya kazi gatini unajua mgeni hujifunza mengi kwa kuingia tu: kina cha mlango, jinsi rubani anavyokata kona, tagi ngapi zinapatikana, maji yanajazwa kwa kasi gani, na ni ofisi ipi inayochelewesha karatasi. Hayo si upelelezi wa kufungulia mtu mashtaka, kwa sababu kila manowari iliyowahi kuingia Kilindini, iwe ya Marekani, ya India au ya Ufaransa, hujifunza hayo hayo.

Safari zilizowafunza zaidi, kwa hakika, ni zile za kuwazuia maharamia wa Kisomali. Desemba 2008 manowari mbili na meli moja ya mahitaji ziliondoka Sanya kwenda Ghuba ya Aden. Tangu mwaka huo misafara imepokezana bila kukatika, na sasa imepita 40. Mwanzoni walikuwa wakitegemea bandari za nchi nyingine, Aden, Salalah na Jibuti, wakiomba nafasi ya kujaza maji kama meli nyingine yoyote. Maelfu ya mabaharia wa China ambao baba zao hawakuwahi kuvuka mlangobahari wa Malacca sasa wanaijua Bahari ya Hindi kwa misimu yake.

Mwaka 2011 ukaja msukosuko wa Libya, ambako Wachina zaidi ya 35,000 walikuwa wakifanya kazi za ujenzi na mafuta. Serikali yao iliwatoa wote, jambo la kupongezwa, lakini wengi walitoka kwa meli na ndege za kukodi. Jeshi lenyewe liliweza kupeleka manowari moja na ndege nne za mizigo zilizoundwa Urusi. Miaka minne baadaye, vita vilipopamba moto Yemeni, manowari zilizokuwa kwenye doria ya maharamia ziliingia bandarini zenyewe na kuchukua Wachina mia kadhaa pamoja na wageni 225 wa mataifa kumi. Na mwaka 2016 likaanza kutumika dege kubwa la mizigo, Y-20, lililoundwa China. Nakusimulia haya, mzee wangu, kwa sababu watu hudhani jeshi la China limefuata njia hii kwa tamaa ya vita peke yake. Limefuata pia raia wake na mali zake. Mwenye mafundi, reli na mikopo katika nchi nyingi za watu, huishia kutaka mkono wa kuvilinda.

Naona majenerali wa China wanafukuzwa kila kukicha kwa rushwa, na jeshi lenyewe halijapigana vita tangu nizaliwe. Nguvu hiyo si ya gwaride tu? — Mfanyabiashara, Mwembe Tayari

Ndugu, vita vya mwisho vikubwa vya China vilikuwa na Vietnam mwaka 1979, na havikuipa sifa. Mapigano ya mpakani Galwan na India mwaka 2020, yaliyoua askari 20 wa India na, kwa kauli ya China, wanne wa upande wake, yalikuwa ya marungu na mawe. Rushwa nayo ni ya kweli: waziri wa ulinzi Li Shangfu aliondolewa Oktoba 2023, jemadari wa kikosi cha makombora alibadilishwa mwaka huo huo, na Oktoba 2025 He Weidong, aliyekuwa miongoni mwa wakubwa kabisa wa jeshi, alifukuzwa chamani pamoja na wenzake.

Lakini usiiite nguvu ya gwaride. Katika gwaride la Septemba 2015 Xi Jinping, rais wa China, alitangaza kupunguza askari 300,000, na miezi michache baadaye mikoa saba ya kijeshi, ambayo kila mmoja ulikuwa kama shamba la jenerali wake, ikavunjwa na kufanywa kamandi tano ambamo ndege, manowari na askari wa miguu huamriwa na mtu mmoja. Si kila serikali inayothubutu kuwanyang'anya majenerali vyeo ili jeshi lipigane vizuri zaidi. Bajeti iliyotangazwa kwa mwaka 2025 ni yuan trilioni 1.78, ongezeko la asilimia 7.2, na watafiti wa taasisi ya SIPRI ya Stockholm walikadiria matumizi halisi ya 2024 kuwa dola bilioni 314, dhidi ya bilioni 997 za Marekani. Uzoefu wa vita haununuliwi, hilo nakubaliana nawe. Ila anayepanga mambo yake kwa kutumaini kwamba jirani hajui kupigana amejiwekea dhamana mbovu.

Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, nimeolewa Likoni. Kila nikienda nyumbani nasikia watu wakisema gati la Lamu lilijengwa na Wachina ili baadaye liwe kambi yao ya kijeshi, na wengine wanasema Wamarekani wako Manda kwa ajili ya kuwazuia. Tuamini nini, na nani ataulizwa siku hiyo ikifika? — Bi. wa Likoni

Wa alaykum salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, kwa sababu inauliza jambo ambalo magazeti huliandika kana kwamba Lamu haina wenyewe.

Nianze na chanzo cha uvumi, maana haukuota hewani. Mwaka 2020 ripoti ile ile ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani niliyoitaja juu ilitaja nchi kadhaa ambazo China huenda imezifikiria kuwa mahali pa kuweka vituo vya kijeshi vya mahitaji, na ndani ya orodha hiyo zilikuwamo Kenya, Tanzania na Shelisheli. Neno lilikuwa kufikiria. Waliolitamka ni wapinzani wa China, wala Beijing haijatangaza mpango wa namna hiyo Kenya. Kambi yake ya Afrika inayojulikana ni ya Jibuti, iliyofunguliwa tarehe 1 Agosti 2017, na huko Kambodia, katika kituo cha wanamaji cha Ream, ulifunguliwa Aprili 2025 mradi wa pamoja wa mafunzo na mahitaji.

Jibuti inafaa kutazamwa kwa karibu. Kampuni ya China Merchants ilikuwa tayari na hisa katika bandari ya nchi hiyo kabla ya kambi kuwako, na kambi yenyewe ilijengwa ubavuni mwa bandari mpya ya shehena ya Doraleh. Wamarekani wako Camp Lemonnier, maili chache kutoka hapo, na Wafaransa, Wajapani na Waitaliano nao wako. Kwa hivyo hoja ninayoisikia barazani, kwamba Wachina hawawezi kuja Lamu kwa sababu Wamarekani wametangulia Manda, haina mashiko.

Hoja yenye uzito ni nyingine. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa Mei 2021, likiwa na kina cha mita 17.5, na ni kweli liliundwa na kampuni ya China, CCCC, ambayo pia ilijenga kituo kipya cha mafuta cha Kipevu. Lakini aliyekujengea nyumba si lazima awe mpangaji wako. Gati hilo linaendeshwa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Tena Juni 2024 Marekani iliitangaza Kenya kuwa mshirika wake mkuu wa kijeshi aliye nje ya jumuiya ya NATO, na Waingereza wana kikosi chao cha mafunzo Nanyuki. Serikali yenye ahadi hizo haitatoa kambi kwa China kwa urahisi, na naamini China yenyewe inalijua hilo.

Ninachokichukulia kwa uzito zaidi kuliko kambi ni ruhusa. Jeshi la majini halihitaji bendera yake ipepee juu ya ngome ili lipate nguvu mahali. Linahitaji gati la kina, matangi ya mafuta, maji, chelezo, na uhakika kwamba likija litapokewa. Zheng He, jemadari wa misafara ya bahari ya China wa karne ya 15, ambaye Wachina hupenda kututajia kwa ajili ya yule twiga wa Malindi aliyepelekwa kwa mfalme wao mwaka 1415, hakuacha ngome pwani yetu, lakini Malacca alikuwa na maghala yaliyozungushiwa uzio, ambamo misafara yake ilihifadhi mali ikingoja upepo. Waingereza nao, baada ya Wajapani kushambulia Colombo na Trincomalee Aprili 1942, walileta manowari zao Kilindini kwa sababu maji yake yana kina, reli ilikuwapo, na vifaa vya kuzihudumia vilipatikana. Mji mzima ulibadilika kwa ajili ya huduma hizo. China, kwa upande wake, ilitunga mwaka 2016 sheria ya usafirishaji wa ulinzi wa taifa, inayozitaka kampuni zake za uchukuzi wa kimataifa kulisaidia jeshi likihitaji huduma nje ya nchi. Hii ndiyo sababu mkataba wa kuendesha gati, utakaosainiwa bila askari hata mmoja chumbani, unaweza kuwa na uzito wa kijeshi kuliko ziara ya manowari inayopigwa picha na kila mtu.

Umeuliza nani ataulizwa. Ibara ya 240 ya Katiba ya Kenya, kifungu cha 8, inasema Baraza la Usalama la Taifa linaweza kuidhinisha majeshi ya kigeni kuwekwa nchini, lakini kwa idhini ya Bunge. Hakuna waziri wala rais anayeweza kulifanya peke yake kwa mujibu wa sheria, na kanuni hiyo inamhusu Mchina sawa na inavyomhusu Mmarekani na Mwingereza. Pengo liko kwenye mikataba ya biashara, ambayo haipiti katika mlango huo. Huko ndiko ningewaomba watu wa Lamu, wavuvi kwanza, wapeleke macho yao: nani amepewa gati, kwa miaka mingapi, ni nani anayemiliki matangi ya mafuta, na kama kuna kifungu kinachompa mtu yeyote haki ya kuingia kabla ya wengine.

Wewe unaishi Likoni, dada yangu. Umekwisha simama ndani ya feri ikingoja meli kubwa ipite mlangoni, tagi moja mbele na moja nyuma, watu wakinyamaza mpaka mkondo wake ulipotulia. Ikipita ya kijivu, isiyo na makontena, itazame inakwenda kufunga wapi, na siku ya pili umwulize mtu wa bandarini nani ameijaza mafuta.